Nilidanganya Ploti Nzima Nipate Shahada, Jirani Yetu Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu. Si la msimamizi wangu wa chuo, si la watu wa Makongeni, wala si la shetani. Ni langu, na nimechoka kulibeba kimya.

Mimi ni mtu wa kuwazawaza. Kabla ya kumpigia mtu simu huwa najaribu sauti kwanza. Nikitumiwa "sawa" peke yake, nakosa raha hadi jioni. Nawaambia haya ili mjue kwamba uongo wangu haukutoka kwa ujanja. Ulitoka kwa woga!

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili katika usanifu wa miji, ule wa siku hizi unaofundisha kwamba mji mzuri hautupi kitu. Maji ya kufulia yanamwagilia mboga za sukuma, maganda yanageuka mbolea, plastiki inayeyushwa iwe matofali ya kukanyagia. Kila kitu kinazunguka na kurudi. Kwenye michoro yangu mishale ilizunguka vizuri mno, hata mimi mwenyewe niliipenda.

Kwa utafiti nilichagua ploti niliyokulia, kule Makongeni, Thika. Vyumba vimetazamana, uwanja uko katikati, bomba ni moja na choo ni cha wote. Mama yangu bado anaishi pale. Niliwaza: hawa wananijua, hawatanifukuza.

Msimamizi alikuwa ametuonya. Kabla ya kumuuliza mtu lolote, mwambie wazi kwamba haya ni masomo tu na hakuna atakachopata. Sentensi hiyo niliikariri mbele ya kioo. Aki niliikariri!

Siku yenyewe watu walikuwa wametoka kanisani, tumeketi uwanjani, na mshona viatu mmoja anayependa mzaha akanidaka.

"Sasa daktari wa takataka, tukikujibu tutapata nini?"

Watu wakacheka. Kichwa changu nacho kikaanza: nikisema hakuna, watainuka. Wakiinuka, sina utafiti. Nikikosa utafiti, nitarudi kwa mama mikono mitupu. Yote hayo yalipita kabla kicheko hakijaisha. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Kuna mradi unakuja."

"Mradi gani?"

"Wa taka. Mtakuwa mnazitenganisha, gari linakuja kuchukua. Na huu uwanja utawekwa matofali, matope yaishe."

Haiya! Gari gani? La nani? Niliwasomea mchoro wangu kana kwamba ni ahadi ya serikali.

Aliyeamini kuliko wote ni jirani wa mama. Nitamwita Mama Wangila, ingawa si jina lake. Yeye na mama walitoka sehemu moja ya magharibi, wakaja Thika kutafuta kazi ya kiwanda wakiwa wasichana, wakaimba kwaya moja. Mama akiwa kazini, mimi nilikula kwake. Alikuwa akiuza chai na mandazi mlangoni pake, na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama pale ploti.

"Mmesikia omwana wefwe?" akawaambia wenzake, yaani mtoto wetu. "Amesoma, na amerudi. Ni wangapi hurudi?"

Akajitolea magunia yakae kando ya mlango wake. Akapita chumba kwa chumba akifundisha watu: hili la maganda, hili la plastiki, hili la chupa. Akiona mtu amechanganya, anamrudisha. "Wee! Unataka gari likija lituaibishe?" Nikampiga picha. Picha nzuri ajabu! Magunia yamejipanga, naye amesimama na leso mpya, anatabasamu.

Gari halikuja. Lingetoka wapi?

Plastiki ingevumilika. Maganda ndiyo yaliyooza. Nzi wakaja, halafu panya. Wateja wa mandazi wakaanza kununua kwingine.

Mimi nilikuwa nimehamia Gatongora, Ruiru, kwenye chumba cha kupanga, naandika tasnifu. Mama Wangila alikuwa akinipigia. "Mwanangu, hao watu wa gari wamesema lini?" Namjibu mambo bado yako ofisini. Kisha naandika ujumbe wa kumwambia ukweli, naufuta. Naandika mwingine, naona umekaa kama kisingizio, naufuta. Nikajiambia nitasema nikishatetea tasnifu.

Mwenye ploti akaja, akakutana na panya mchana kweupe. Aligomba mpaka watu wa ploti jirani wakatoka nje. Alitaka magunia yatoke, na gharama ya dawa ya panya iwe ya wapangaji. Basi wakaitana kikao pale uwanjani, na mama akaniambia nije nieleze. Mungu ananiona, nilienda nikiwa nimeamua kusema.

Siku hiyo yule mshona viatu hakuwa na mzaha.

"Miradi haipoteangi hivi hivi," akasema. "Mradi ukipotea, ujue kuna mtu amekula."

"Nani amekula?" akauliza Mama Wangila.

"Si wewe ndiye ulikuwa mbele? Si wewe unashikanga pesa za chama? Ongea basi!"

Kenya hii mnaijua! Hakuna anayeamini kwamba mradi haukuwepo. Kila mtu anaamini ulikuwepo, ukaliwa.

Mama Wangila akanigeukia mimi. "Waambie, mwanangu."

Wote wakanitazama. Nikaona jopo la chuo likisikia kwamba nilidanganya watu. Nikaona miaka ya jasho la mama ikienda na maji. Nikatoa simu, nikajifanya kuna ujumbe umeingia. Hakukuwa na ujumbe! Nilikikodolea macho kioo cheusi, mpaka nikamsikia yeye mwenyewe akisema kwa sauti ndogo, "Basi labda mimi ndiye sikuelewa vizuri."

Walimvua uweka hazina palepale. Wakaanza kumwita Mama Mradi. Hata mama yangu, rafiki yake wa ujana, aliniambia jikoni, "Pesa hubadilisha watu." Nami nikaendelea kumenya viazi. Haikupita muda mrefu Mama Wangila akahamia kwa dada yake kule Mwiki, bila kuaga kwaya.

Mimi nilifaulu. Mtahini mmoja aliipenda ile picha kuliko michoro yote. "Hapa naona jamii imelipokea wazo lako," akasema, akanipa mkono. Nikaupokea!

Shahada yenyewe iko kwenye bahasha, haijanipa kazi. Kila usaili wananiuliza nieleze nilivyofanya kazi na wananchi, na kila mara ulimi unakwama.

Juzi nilijikaza nikaenda Mwiki. Nilimkuta akikaanga mandazi nje ya nyumba ya dada yake.

"Umekonda," akaniambia.

Nikalia kabla ya kuketi. Nikamwambia yote: kwamba gari halikuwepo, mradi haukuwepo, nilibuni nikiwa nimeketi pale pale mbele yao. Aliendelea kugeuza mandazi.

"Nilijua siku ile ulipotoa simu," akasema. "Mwenye mradi wa kweli angepiga kelele kwamba ameibiwa."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Niseme nini? Mtoto wa rafiki yangu afukuzwe shule? Hiyo shule si tuliiombea sote?"

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe kitambo. Lakini mimi si wa kuambiwa, mimi nilikuwepo. Nenda ukaseme pale uwanjani. Mwambie mama yako. Tangu nihame hajanipigia, na mimi siwezi kumpigia kama mwizi."

Sijaenda. Nimefika Makongeni, nikakaribia lango, nikageuka. Jumapili najiambia watu ni wengi mno. Katikati ya wiki najiambia ni wachache mno. Badala yake nimekuja kuwaambia ninyi msionijua uso. Hata toba yangu ni ya woga!

Wewe unayejiandaa kwenda mitaani na maswali yako, nakuomba. Ukiulizwa "tutapata nini," jibu "hakuna." Wanaotaka kuinuka wainuke. Utafiti mwembamba haujawahi kumhamisha mtu. Na usimwache mtu anayekupenda asimame mbele ya maneno yako ya uongo, kwa sababu yakishindwa, wewe utarudi chuoni, yeye atabaki na majirani.

Na kama unaishi kwenye ile ploti, na unasoma hapa ukihisi ni kwenu, basi ni kwenu. Yule mama hakula pesa ya mradi. Hakukuwa na mradi. Hakukuwa na kitu chochote cha kula.