Firigisi ya Daktari Mutiso

Wengi wenu mliniona stendi ya Chavakali asubuhi ile nimekumbatia jogoo, na yaliyosemwa nyuma yangu yamenifikia. Kuna waliosema nimeolewa Nairobi kimyakimya na nawapelekea mawifi zangu kuku. Kuna waliosema nimeanza biashara. Basi tulieni niwasimulie, maana safari ile ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mama yangu.

Mama mnamjua. Ana presha ya siku nyingi, na tangu Daktari Mutiso afariki alikataa kabisa kupimwa na mtu mwingine. Tulimbembeleza. Mchungaji alimwombea, mjomba akamfokea. Jibu lake lilikuwa moja: "Daktari wangu amekufa." Dawa zilipokwisha alianza kushika ukuta kila anapoinuka kitini, na mimi nikawa silali vizuri. Niliogopa kumpoteza, nasema wazi.

Daktari Mutiso alikuwa na kliniki ndogo Makongeni, kule Nairobi, jirani na nyumba za reli tulikolelewa baba akifanya kazi. Alikuwa na mazoea ya kuwatembelea wagonjwa wake nyumbani siku za Jumamosi. Akifika kwetu hakuketi kwanza. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua mkebe wa chumvi, akautia mfukoni mwa koti lake na kuondoka nao. Mama akawa anauficha ndani ya debe la unga. Jumamosi inayofuata Daktari anauibua huko, mkono mweupe hadi kwenye kiwiko, na wote wawili wanacheka mpaka majirani wanachungulia. Hata baba alipostaafu tukarudi huku nyumbani, Mama alipanda basi kwenda kupimwa na yeye tu.

Sasa habari ya firigisi. Nilipokuwa mdogo niliugua homa ya matumbo nikakaribia kufa, Daktari akaniponya. Baba akamchinjia kuku na kumwekea mbele firigisi, ile imondo yetu ambayo mnajua ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ambayo zamani mwanamke hakuitia hata ulimini. Daktari akachukua kisu, akaikata katikati, akanipa mimi nusu. "Mgonjwa kwanza," alisema. Baba alibaki mdomo wazi. Miaka yote alimtetea: "Msimlaumu, ni Mkamba wa Machakos, hakujua mila zetu." Mama alikuwa akijibu chini chini, "Alijua."

Basi zikaja habari kwamba watu wa Makongeni wanafanya siku ya kumkumbuka, na kwamba binti yake, Daktari Mwende, ambaye naye ni daktari, ataombwa afungue tena kliniki ya baba yake. Mama akakamata jogoo wake mwekundu mwenyewe. "Mpe huyo binti firigisi," aliniambia. "Usimsimulie chochote. Uangalie tu ataifanya nini, kisha uje uniambie kama nina daktari au sina."

Njiani, kondakta alitaka jogoo aingie buti. Nikamwambia huyu ni mgeni rasmi, hasafiri na magunia. Tukakubaliana akae miguuni pangu ndani ya kikapu, kichwa nje. Kapsabet kulikuwa na baridi ya kukata masikio, chai imetandaza kijani kila upande, na jogoo akawika katikati ya mahubiri ya mhubiri mmoja aliyekuwa amesimama mbele ya basi. Abiria waliitikia "Amina!" kwa nguvu kuliko walivyoitikia mahubiri yenyewe. Nakuru nikamnunulia mahindi ya kuchemsha, tukagawana.

Nairobi tulifika alasiri. Nilichukua bodaboda pale Muthurwa, na kijana mwenye pikipiki akamtazama mwenzangu.

"Niaje, mathe. Hiyo kuku inaenda wapi?"

"Makongeni."

"Jogoo inapitia Jogoo Road? Hiyo imefika home, mathe! Panda twende."

Makongeni, nilipokelewa na Mzee Ambundo, dereva wa gari moshi mstaafu, rafiki wa baba aliyekuwapo siku ile ya firigisi, na mkewe Mama Salome. Walinikumbatia kama mtoto wao. Mzee alimkagua jogoo, akambonyeza kifua, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mama yako bado anajua kufuga," alisema. "Na mimi ndiye mkubwa hapa. Firigisi itajua pa kwenda."

"Mzee, ile ina mwenyewe," nikamwambia.

"Nani?"

"Utamwona kesho."

Mama Salome alicheka hadi akaegemea mlango. Mzee hakucheka. Usiku huo aliniaga kwa ufupi sana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kama ilivyostahili. Tuliketi uani mwa kliniki, viti vya kanisa vimepangwa, sufuria zinatokota pembeni. Nilidhani nitalia, lakini nilicheka kuliko nilivyolia, kwa sababu kila aliyesimama alitaka kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyependwa zaidi na Daktari. Mwanamume wa Dandora, anayeokota plastiki jalalani, alieleza jinsi Daktari alivyomfuata hadi juu ya takataka kumpa dawa za kifua alizokuwa anazikwepa. "Alikuja na viatu vimeng'aa, akarudi navyo hivyo mnavyojua," alisema.

Akasimama mama mmoja mchuuzi wa Majengo, anayetembeza soksi. Alisema Daktari alikuwa mteja wake mkubwa. Kila akimwona alimsimamisha, akachagua soksi polepole, na huku anachagua anamwuliza mtoto aliye mgongoni ananyonyaje, anamtazama macho, anampima paja kwa vidole. "Mimi nilidhani ni mtu wa soksi tu," alisema. "Kumbe mtoto wangu amekulia kliniki bila mimi kwenda kliniki."

Hapo Daktari Mwende akajifunika uso kwa mikono. Tulidhani analia. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Nyumbani tuna droo tatu za soksi mpya," alisema. "Mama amekuwa akijiuliza hadi leo."

Lakini alipoombwa afungue kliniki, hakukubali. Alisema tu anaogopa. Kila mtu atakayeingia atamtafuta baba yake kwenye kile kiti, na atakayemkuta ni yeye. Nikafikiria ukuta ule anaoushika mama yangu.

Chakula kikapakuliwa. Nikachukua sahani ya firigisi, imekaangwa vizuri, nikapita mbele ya Mzee Ambundo bila kumtazama, nikaiweka mbele ya Daktari Mwende. Wazee wakaanza kukohoa. Mzee Ambundo akasema, si kwa sauti ndogo, "Siku hizi mambo yamegeuka."

"Imetoka kwa nani?" Daktari Mwende aliniuliza.

"Kwa mama yangu. Alikuwa mgonjwa wa Daktari."

"Mbona hakuja?"

"Ana presha. Hajapimwa tangu baba yako atutoke. Hataki mtu mwingine."

Aliitazama ile sahani kidogo. Kisha akaomba kisu, akaikata firigisi katikati. Nilishika kiti. Nusu moja akala palepale, wazee wakimtazama. Nusu ya pili akaitia kwenye kikombe, akaimiminia maji moto ya chupa ya chai, akaikoroga, akayamwaga, akarudia. Watu wakaangua kicheko.

"Daktari, unaosha imondo?" Mama Salome alipiga kelele.

"Imekolea chumvi, na huyu mama ana presha," alisema, huku anaifunga kwenye karatasi ya jikoni. "Mpelekee. Mwambie mgonjwa anakula kwanza, mimi nimekosea mpangilio kwa sababu yuko mbali. Na asiningoje mimi. Apimwe hapo kwenu Jumatatu, kisha aniletee majibu hapa."

Mzee Ambundo alikuwa amesimama. "Kumbe Mutiso alijua," alisema taratibu. "Siku ile kwa baba yako, alijua."

"Baba amekaa na Waluhya wa Makongeni maisha yake yote," Daktari Mwende akamjibu. "Angekosaje kujua, Mzee?"

Mzee akaenda akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Utafungua lini, Daktari?" alimwuliza, na akaketi tu baada ya kuambiwa ni wiki ijayo.

Kurudi kulikuwa kwepesi, kikapu kitupu, na mimi naimba kimoyomoyo toka Limuru. Nilijifunza kwamba daktari mwema hafi kabisa. Sehemu yake hubaki kwa wale aliowatazama vizuri, na mtu akija na macho yaleyale wanamtambua.

Nyumbani, Mama hakuniuliza habari za safari. Alinyoosha mkono. Nikampa karatasi, akaifungua, akaitia firigisi mdomoni. Alitafuna, akaacha kutafuna.

"Hii imeoshwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na nani?"

"Na Daktari Mwende. Kwa maji moto, mbele ya watu wote."

Mama alicheka mpaka leso ikamwanguka kichwani. Alicheka, akalia, akacheka tena. Nikampa maagizo yote. Ndiyo maana Jumatatu mlimwona zahanati, wa kwanza kwenye foleni, anamwambia nesi afanye haraka kwa sababu daktari wake anasubiri majibu.

Sasa tunajiandaa kwenda naye Makongeni. Jana nilimkuta jikoni, mkono mweupe hadi kwenye kiwiko, ametoa mkebe wa chumvi kwenye debe la unga. Aliufuta kwa leso na kuutia ndani ya mkoba wake wa safari.

"Nampelekea mwenyewe," alisema. "Mtoto wa watu ana kazi nyingi, asihangaike kuutafuta."