Siku Mama Alipomtuza Mama Siwema

Nakumbuka siku moja, saa kumi na moja na robo jioni, mama yangu alinyanyuka kwenye kiti chake katikati ya ukumbi uliojaa watu, akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu tano na kuanza kumwendea mwigizaji. Mwanangu, nitakayokueleza hapa yote yalitokana na hatua zile chache. Niruhusu nirudi nyuma kidogo, ili ujue zilianzia wapi.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Mtoni. Mimi sijaoa bado, na mdogo wangu Mwajuma ndiyo kwanza amepata kazi kwenye ukumbi wa maonyesho kule Kinondoni. Kazi yake ilikuwa kupokea tiketi na kuwaonyesha wageni viti vyao. Alikuwa hajathibitishwa, na nyumbani sote tulikuwa tunaiombea dua kazi ile.

Basi kikaja kikundi kutoka Japani kuonyesha kabuki, maigizo yao ya jadi yenye ngoma, mavazi mazito na nyuso zilizopakwa rangi nyeupe. Mchezo waliouleta ulitokana na filamu ya katuni ambayo kwetu ilikuwa kama mtu wa ukoo. Tuliijua tangu tukiwa Manzese, mimi na Mwajuma wadogo, kwenye banda la video lililokuwa jirani. Mwenye banda alikuwa na mkanda uliotafsiriwa, ambamo mtu mmoja anasema kwa Kiswahili maneno ya wahusika wote, wa kike na wa kiume, na akipenda anaongeza ya kwake. Ni habari ya mama aliyepotelewa na mwanawe ndani ya ukungu, akawa anatembea na ngoma ndogo akimwita. Jina lake la Kijapani sikuwahi kulijua. Mtafsiri alimwita Mama Siwema, na kwetu akabaki Mama Siwema.

Mama yetu, Bi Zuhura, alikuwa akiuza karanga mlangoni pa banda lile. Ndani hakuingia, maana nani angebaki na sinia? Aliisikiliza filamu kupitia pazia, miaka na miaka, mpaka akaijua kwa sauti kuliko sisi tulioitazama. Kwa hiyo Mwajuma alipopewa tiketi mbili za wafanyakazi, hakukuwa na haja ya kujadili nani aende. Alinipa mimi moja ili nimsindikize mama.

Mimi nina tabia ya kusoma jambo kabla sijaliendea. Nilitafuta habari za kabuki nikamweleza mama kwa mpangilio. Nilimwambia kwamba wanawake huigizwa na wanaume. Akasema, "Mwanaume akilelewa vizuri, anaweza." Nilimwambia kwamba kuna njia ya mbao inayopita katikati ya watazamaji mpaka jukwaani, na kwamba mwigizaji akifika kwenye uchungu mkubwa huganda, akatoa macho, asitikisike. Yote alinisikiliza. Lakini katika niliyoyasoma, hakuna palipoandikwa kwamba mtazamaji asinyanyuke. Nadhani walioandika hawakuwahi kukaa na mama yangu kwenye taarabu.

Maana mama alikuwa mtu wa taarabu. Wewe umekua wakati wa spika na simu, lakini umewahi kuona harusini: mwimbaji akifika penye maneno yako, unanyanyuka, unamwendea taratibu huku mabega yakicheza, unamtuza. Mtu aliyeguswa akabaki amekaa kitini, majirani wanamtazama kwa jicho la kumshangaa.

Asubuhi ya siku ile meneja wa ukumbi aliwakusanya wafanyakazi. Mwajuma alitueleza baadaye. Aliwaambia kwamba wageni ni wa heshima, na mfanyakazi ambaye ndugu yake ataleta fujo, ataondoka na huyo ndugu yake.

Onyesho likaanza. Maneno yalikuwa ya Kijapani kitupu, na mama hakubabaika nayo, maana alikuwa nayo yake. Alinong'ona kabla ya kila tukio, "Sasa ukungu unashuka," na kweli vitambaa vyeupe vikashuka. Kisha ngoma ikanyamaza, na nyuma yetu, kwenye ile njia ya mbao, akatokea Mama Siwema. Alikuja akipiga ngoma yake ndogo, hatua moja, kimya, hatua nyingine, kimya. Alipofika usawa wetu akaita. Aliita jina la mtoto kwa sauti iliyokatika katikati, vibao vya mbao vikagongwa pembeni ya jukwaa, naye akaganda, mkono mbele, macho wazi.

Hapo ndipo mama aliponyanyuka. Nilijaribu kushika ncha ya kanga ikaniponyoka. Alikwenda kama anavyokwenda siku zote, bila haraka, noti juu, machozi yanatoka. Akaichomeka kwenye mkanda mpana wa mwigizaji, akaweka mkono kifuani, akageuka. Yule mtu hakupepesa hata jicho. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na nyuma yangu mtu akasema, "Mwacheni bibi, kwao ndiyo hivyo."

Meneja alikuwa ameshafika, na Mwajuma nyuma yake na tochi. Mwajuma akamshika mama mkono, tena kwa nguvu. Meneja akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni mgeni wa nani?"

Mwajuma akasema, "Simfahamu, bosi."

Nilikuwa karibu, nilisikia. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mfupi sana. Kisha akasema, "Ni kweli, hatufahamiani. Nisamehe, dada, nimekusumbua kazini."

Mwanangu, nimesikia mengi maishani, lakini sijasikia neno lililonikaa kama lile "dada". Alimwita hivyo mtoto aliyemzaa, ili mtoto asikose kazi.

Tulitolewa nje, tukakaa kwenye benchi la barazani, karibu na mlango wa ukumbi. Damu ilikuwa inanichemka. Nikasema naingia, namwambia meneja ukweli. Mama akanivuta shati. "Kaa. Mtoto ana kazi." Halafu akasogea kwenye mlango uliofungwa, akatega sikio kama zamani, akatabasamu kidogo. "Hapa ndipo nafasi yangu, usijali. Kinachokosekana ni sinia tu."

Baada ya muda Mwajuma akatoka na kikombe cha maji. Mama alikunywa maji yote, akamrudishia kikombe. Hakupaza sauti. Alisema, "Nimekusaidia uongo mara moja, Mwajuma. Mara ya pili sitaweza, nguvu hiyo sina." Mwajuma akarudi ndani, na mimi kwa mara ya kwanza nikamhurumia. Nilielewa kwamba alikuwa ameogopa tu, na kwamba hofu ile ilikuwa ya sisi sote, ya kodi ya nyumba na dawa za mama.

Onyesho likaisha, watu wakatoka. Nyuma yao akaja yule mwigizaji, amevua nywele za bandia, rangi nyeupe imechirizika kwa jasho. Alikuwa mzee, umri wa mama au zaidi. Alifuatana na mkalimani na meneja, na mikononi, kwa mikono miwili, alishika ile noti. Mkalimani akasema kwamba mzee anataka kumrudishia mama fedha yake na kumshukuru, lakini kwanza anaomba kujua jina lake, amwite kwa heshima.

Meneja akageuka. Aliyekuwa karibu naye ni Mwajuma. Akamwambia, "Hebu muulize huyu mama, anaitwa nani?"

Mama akaangalia sakafu, hakutaka kumsaidia wala kumzuia.

"Sina haja ya kumuuliza," Mwajuma akasema. "Anaitwa Bi Zuhura. Ndiye mama yangu mzazi. Kule ndani nilidanganya."

Kisha akaenda akakaa kwenye benchi pembeni ya mama, na sare yake ya kazi, mbele ya wote.

Mzee yule alitafsiriwa yote. Akainama, akamwambia mama kwamba kwao watazamaji humwita mwigizaji kwa sauti wakiwa kwenye viti vyao, na kwamba toka aanze kazi hakuna aliyewahi kumwendea. "Anasema nusura acheke," mkalimani akaongeza. Mama akacheka yeye. Lakini noti aliikataa. "Mwambie tuzo hairudi. Akinirudishia, atakuwa ananiambia sikulia." Mzee akafikiri, kisha akaichomeka mkandani, palepale ilipokuwa.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Wageni walipoondoka alimwambia Mwajuma kwamba kazi yake ipo, ila mshahara wa siku ile hapati. "Si kwa sababu ya mama," alisema. "Ni kwa sababu nilikuuliza ukanidanganya." Njiani kurudi Mtoni Mwajuma alilia, na mama akamfuta machozi kwa ile kanga, wala hakulitaja tena jambo lile mpaka anafariki.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Utakaa na watu wenye desturi nyingine, na ipo siku mtu wa kwenu atafanya mbele yao jambo la kwenu. Uso utakuwaka moto. Siku hiyo sogea upande wake kwanza. Cha kumrekebisha utamrekebisha mkifika nyumbani. Na ikitokea hofu imekushinda ukamkana, usilale nalo. Rudi siku hiyohiyo, useme mbele ya walewale waliokusikia. Usingoje mpaka iwe rahisi, maana haitakuwa.

Mola akupe riziki isiyokutaka umwite mama yako dada. Akupe na ujasiri wa kunyanyuka unapoguswa, na watu wa kukusogelea ukikosea.

Mwajuma yuko palepale Kinondoni, siku hizi ndiye msimamizi wa mlango. Ukimuuliza jioni ile iligharimu kiasi gani, anakujibu bila kufikiri: elfu kumi na tano ya kwake, elfu tano ya mama, jumla shilingi elfu ishirini.