Ndizi Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Nilipofungua mlango wa kile chumba cha Kawangware, nilikanyaga majani. Pilipili zangu za mapambo, zile fupi zenye matunda mekundu na ya zambarau kwenye shina moja, zilikuwa zimebaki vijiti ndani ya makopo. Niligusa tawi moja, majani yaliyobaki yakapukutika.

Nilizilea miezi minne nyumbani, Sarang'ombe, kule Kibera. Bibi harusi mmoja alizitaka kwa meza za wageni. Kwangu mvua ilikuwa inaingia, ndiyo nikakodi chumba hicho siku nne, karibu na kanisa lao.

Mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga alichungulia, akarudi nyuma. "Mama, umeniletea ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Ziliingia hapa zikiwa nzima!"

"Toa hiyo takataka."

Kisha akapita mlango kwa mlango akionya wapangaji. Mama mmoja wa Machakos aling'oa mboga yake yote ya sukuma wiki aliyoipanda kwenye magunia ya udongo, huku akinitazama kama mchawi. Sukuma haikuwa na doa hata moja.

Jirani yangu Kibera aliwahi kufanya kazi shamba la maua. Aliponiona nikishusha makopo aliuliza, "Kulikuwa na matunda karibu?"

Nikakumbuka harufu tamu mle chumbani. Akanieleza kwamba ndizi zikiiva hutoa gesi, ethilini, haionekani. Ikifungiwa ndani, pilipili kama hizi huangusha majani, maua na hata vitunda vichanga. Kazini kwao, ukiingia stoo na ndizi ulikuwa unafutwa kazi.

Nilirudi siku hiyo hiyo, nikazunguka nyuma. Chumba changu kilikuwa nusu ya stoo, kimetengwa kwa mbao zenye nyufa. Upande wa pili kulijaa mikungu ya ndizi chini ya turubai.

"Ni zako?" nilimuuliza mwenye ploti.

"Zangu. Hata yule wa maua aliyekuwa hapo kabla yako alilia hivyo hivyo."

Alisema hivyo akitabasamu. Alijua, na bado akanipa funguo, akanitangaza kwa watu kuwa nimeleta ugonjwa.

Nilisimama katikati ya ploti nikaeleza yote kwa sauti. Mama wa Machakos akatoka, mikono ina udongo.

"Na ukaniacha ning'oe mboga yangu?" alimuuliza.

Mwenye ploti aliingia kwake akafunga mlango.

Bibi harusi nilimpigia, nikamwambia ukweli. Alikata simu. Sijamlaumu yeye.