Maneno ya Mama wa Kwenye Filamu

Laurenti anatafsiri filamu za Kikorea, na Kikorea hajui hata neno moja. Hapa mjini kwetu Maramba sote tunalijua hilo, na bado kila Jumapili baada ya misa tunajazana bandani kwake, Wakristo kwa Waislamu, tukibanana kwenye mabenchi. Anashika kipaza sauti, anawatazama nyusoni watu wa kwenye runinga, kisha anawasemea. Jambazi humpa jina la Ernesti, bibi harusi humwita Hasina, na ugomvi wa ikulu anaugeuza kuwa wa shamba la michungwa. Filamu haitazami kwanza hata siku moja. Anasema akishaiona inachacha.

Mimi ni Khadija, fundi cherehani, kibanda changu kinapakana na chake. Watu wanaolilia filamu nilikuwa nawaona hawana kazi. Nilikuwa nakwenda kucheka tu, maana huyo bwana ana mdomo.

Mkewe Devota hukaa nyuma karibu na mlango, na birika lake la kahawa. Mwaka huu tulikuwa tunamchunga kama yai. Mtoto wao wa pekee, Noa, alifariki kwa homa mwezi wa pili, akiwa na miaka sita. Devota hakulia msibani, hakulia makaburini, na tangu siku ile jina la mtoto lilikuwa halijatoka mdomoni mwake. Alikuwa anakonda huku anatabasamu. Sisi majirani tuliacha hata kuwaita Baba Noa na Mama Noa. Tukawa tunawaita kwa majina yao wenyewe, tukidhani hiyo ndiyo huruma.

Jumapili moja filamu ilianza kwa vichekesho. Kulikuwa na kitoto chenye mashavu manene, Laurenti akakipa jina la Safari, tukacheka sana. Kufika katikati, Safari akaanguka shuleni, akakimbizwa hospitali. Laurenti akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Malaria tu hiyo," akatuambia. "Atachomwa sindano, kesho yuko uwanjani."

Daktari akainamisha kichwa. "Daktari kachoka, hajala tangu asubuhi." Mtoto akafunikwa shuka mpaka usoni. "Wamemfunika, jamani, baridi." Hakuna aliyecheka. Mama wa mtoto akajitupa sakafuni, mdomo wazi, na Laurenti akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Hapo mama anafurahi, mwanawe kapona."

Nilitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti. Ungemwona machozi yanavyomtoka huku anadanganya!

Devota akasimama. Akapita katikati ya mabenchi polepole, mpaka mbele.

"Baba Noa," akasema. "Mtoto kafa. Waambie."

Devota akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Laurenti, akaigeukia runinga, ambako yule mama alikuwa bado analia na kusema maneno yake.

"Anasema," Devota akaanza, "mwanangu alikuwa hataki kufungwa kifungo cha juu cha shati. Anasema, nilimfokea asubuhi ile kwa sababu ya uji, na uji wenyewe ulikuwa umeungua. Anasema, viatu vyake bado viko mvunguni, sivigusi."

Hapo ndipo akalia. Alilia kwa sauti hadi kipaza sauti kikapiga mluzi, na banda zima likalia naye. Mimi niliyekuwa nawacheka watu nililowesha mtandio wote. Shati hilo lenye kifungo nililishona mimi.

Kwenye runinga yule mama alikwishaondoka zamani. Sasa kulikuwa na magari yanakimbizana, na Devota bado anatafsiri, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Anasema, mwanangu alikuwa mwanamume wa kweli. Alikuwa haogopi chochote, hata radi."

Laurenti akapunguza sauti ya yale magari, akasogea, akainama kwenye kipaza sauti pamoja na mkewe.

"Radi alikuwa anaogopa," akasema. "Alikuwa anakuja kujificha kwangu. Akaniambia nisikwambie."