Mlango wa Mbao ya Mawimbi

Mwanamkasi, seremala wa Mpendae, alikuwa akiogopa mbao yenye nyuzi zilizopinda. Mwaka juzi aliranda mvule wa namna hiyo kwa randa ya umeme, mbao ikameguka, na kibanzi kikamwingia jichoni Hafiz, fundi mwenzake. Jicho halikupona. Hafiz alimsamehe, akarudi kwao Kizimkazi kuendelea na kazi. Lakini Mwanamkasi alikuwa bado akiisikia ile sauti ya mbao kumeguka, na kila aliyemletea mbao iliyopinda nyuzi alimrudisha nayo.

Ndipo Bi Mehjabeen, mjane wa Mji Mkongwe, alipomwita. Kabati la marehemu babu yake lilikuwa limeliwa na mchwa mlango mmoja. Mafundi wawili walishamwambia kuwa mistari ya mawimbi kwenye mbao yake ni rangi tu, walipake upya yaishe.

Mwanamkasi alipitisha kiganja kwenye mlango wa pili uliosalimika. Ulikuwa laini, hauna tuta wala bonde, na huku macho yanaona mawimbi. Akainamisha kichwa upande wa dirisha. Mistari iliyokuwa ikimeta ikaingia kiza, na ile ya kiza ikameta. Rangi haigeuki hivyo. Ni nyuzi zenyewe zilizopanda na kushuka ndani ya mti.

Bi Mehjabeen alimweleza kuwa huo ni mepo, mti wa nchi za baridi, na kwamba nduguye Baqir alimletea kutoka Kanada ubao mmoja wa kutengenezea mlango mpya.

"Hakuna wa pili," alisema.

Mwanamkasi alitaka kukataa. Akawafikiria wale mafundi na makopo yao ya rangi, akauchukua ubao.

Siku tatu hakuugusa. Ya nne alijaribu randa ya mkono pembeni kidogo, nyuzi zikang'oka, pakabaki kishimo kama punje ya dengu. Akampigia Hafiz simu.

"Umewasha mashine?" Hafiz aliuliza.

"Sijawasha. Nnaogopa."

"Ogopa, lakini usikimbie. Weka randa. Tafuta bamba jembamba la chuma, linoe, ukwangue pole pole."

Alikwangua siku tisa. Maranda yalitoka mepesi kama ganda la kitunguu, naye kila mara alisimama kusikiliza kama mbao inalia. Haikulia.

Mlango mpya ulipokwisha fungwa kwenye kabati, kidole cha Bi Mehjabeen kilikwenda moja kwa moja kwenye kile kishimo.

"Hapo niling'oa nyuzi mimi, Bi. Sikuweza kuficha," Mwanamkasi alisema.

Bi Mehjabeen akamwongoza hadi chumba cha ndani, kwenye kitanda cha mbao ile ile kilichopasuka ubao wa kichwani, akamuuliza ataweza kuanza lini.

Mwanamkasi alijibu Jumatatu.