Siku Nilipoambiwa Nigeuke Ukutani

Haya, leo nasema, maana mmenisumbua vya kutosha, na wengine mnaniita jina hilo bila hata kujua lilikotoka. Ndiyo, mimi ndiye Ukutani, fundi simu wa Kyela mjini, na jina hilo hakunipa mama yangu, nilipewa na watu waliojaa barazani kwa Bi Zaina siku ya Jumamosi, mchana kweupe, mchungaji wangu akiwemo. Mpaka leo nikikumbuka huwa naguna kwa sauti, wateja wanadhani jino linaniuma.

Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, wanunuzi binafsi wa kakao wanagombania wakulima barabarani, mitumba imejaa sokoni, kila mwenye kibanda anauza kitu cha kutoka nje. Bi Zaina, mama aliyekuwa akivuka mto Songwe, mpakani, kila wiki na mchele na kurudi na vitenge, akaamua naye kufungua intaneti kafe: kompyuta tatu zilizotumika, zile zenye visogo virefu, laini moja ya simu, na mfanyakazi mmoja, yaani mimi Lusajo, mwenye cheti cha miezi mitatu kutoka Mbeya na majivuno ya mtu aliyesoma miaka kumi. Watu waliniita mtaalamu. Sikuwakatalia.

Barazani palepale alikuwa na cherehani yake dada mmoja, Bupe, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Talatala. Huyu dada, ndugu zangu, alikuwa na kichwa ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Baba yake alimfundisha drafti akiwa mdogo, misimu ile mto ukifurika na shamba liko chini ya maji hakuna cha kufanya, wakichezea visoda juu ya kipande cha boksi. Lakini mjini Kyela drafti ilichezwa stendi, kwenye benchi la Anyisile fundi baiskeli, na pale walikaa wanaume tu. Mwanamke akisimama kutazama anaulizwa kama nyumbani kwake wamekwisha kula. Kwa hiyo Bupe alicheza peke yake, mkono wa kulia na mkono wa kushoto, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Siku moja umeme ulikatika, nikamwambia tucheze kidogo. Alinifunga mara tatu, mara ya nne akaniachia kwa huruma, nikajua ameniachia, na nikashukuru.

Basi mimi ndiye niliyegundua kwamba kwenye mtandao kuna mahali watu wa dunia nzima wanacheza drafti, na kule hakuna anayejua kama wewe ni mwanamume au mwanamke, ni kete zako tu zinazoonekana. Bupe alivyosikia hivyo aliacha suruali ya mtu katikati ya pindo. Nikamfungulia akaunti, na kwa vile mimi ndiye mtaalamu, neno la siri nikalitunga mimi, anwani ya barua pepe nikaweka yangu, na mtandao ulipouliza swali la siri, lile la kukusaidia siku ukisahau, nikachagua "ukoo wa mama yako ni upi", nikajibu kwa ukoo wa mama yangu.

Bupe alikuwa amesimama nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni. Akasema, "Kaka Lusajo, mbona hilo hata mbuzi wa sokoni wanalijua?"

Nikacheka. "Dada yangu, watu wa mtandaoni wako Ulaya huko. Nani Ulaya anamjua mama yangu?"

Hakubishana. Aliketi akaanza kucheza, na kwa miezi kadhaa nilishuhudia mambo. Aliwafunga Wareno, aliwafunga Waholanzi, akishona asubuhi na kucheza saa za mchana wateja wakipungua, na kila mchezo aliuandika kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa mmoja kiuno cha mama fulani, ukurasa wa pili jinsi alivyomla mtu kete tatu kwa mpigo. Nyota zikaongezeka pembeni ya jina lake. Mwishowe akaingia mashindano makubwa, akapanda, akapanda, hadi fainali. Mshindi angepelekewa kwa posta ubao wa mbao nzuri wenye jina lake limechongwa, na Bupe aliniambia, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba ubao huo angeupeleka stendi, auweke juu ya benchi la Anyisile, halafu aone nani atamwambia aondoke. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Bupe akiwa anashona mimi nilikuwa naifungua ile akaunti, naziangalia nyota, nasoma ujumbe wa watu wanaompongeza, na (Mungu anisamehe) nilikuwa najibu. Nilijibu kama mimi ndiye mchezaji. "Asante, ni mazoezi tu." "Nashukuru, nilianza utotoni." Juma lile la fainali ukaja ujumbe mmoja kwa Kinyakyusa: "Mugonile, bingwa." Jamani, moyo uliruka. Mtu mwenyewe alisema ni Mngonde wa ng'ambo ya Songwe, tena lugha yetu na yao ni moja, akasema ameona bingwa anatoka Kyela akajivunia kama mtoto wake.

Nanyi mnajua ilivyo kwetu. Mtu akikusalimia hivyo hamuishii kwenye salamu, lazima mtafutane undugu, wewe wa kwa nani, mama yako wa kwa nani, bibi aliolewa wapi, na ukikataa kujibu umemtukana. Akaniuliza. Nikamjibu. Sikumjibu kidogo, nilimpa jina langu, ukoo wa baba, ukoo wa mama (siutaji hapa, na mtaelewa kwa nini), nikampa na bibi wa Katumba Songwe aliyezaliwa ng'ambo. Akaandika, "Kumbe wewe ni mjomba wangu! Ndaga fijo," yaani asante sana. Nikatembea siku nzima natabasamu, nimepata mpwa.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimetangaza mji mzima, hadi stendi, kwamba Kyela inacheza fainali ya dunia kwa Bi Zaina, na kompyuta moja nimeitoa barazani watu waone. Wakaja. Anyisile na watu wa benchi lake walikuja kucheka. Mchungaji alikuja kwa sababu anajua Kiingereza na aliona tutamhitaji. Bi Zaina alikaa mbele kwenye kiti chake kama mama wa bwana harusi. Bupe alivaa gauni alilojishonea, la kitenge cha bluu, akaweka ubao wake wa visoda mezani pembeni, akakunja mikono.

Nikaandika neno la siri. Likakataliwa.

Nikaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. Likakataliwa. Nikasema kibodi ina vumbi, nikaipuliza. Nikasema umeme uko chini. Nikasema laini ya simu ina watu wengi (ilikuwa laini yetu peke yetu, Bi Zaina akakohoa). Jasho likaanza kunitoka hadi shati likashika mgongo, na nyuma yangu nasikia Anyisile, "Gwe Lusajo, fainali ni ya drafti au ya kuchapa?" Nikaona bora tuingie kama wageni, wale wanaoruhusiwa kutazama tu. Tukaingia. Tukaiona meza ya fainali, upande mmoja mzee wa Kirusi, upande wa pili jina la Bupe na nyota zake zote, limekaa, linacheza. Lilikuwa limeshacheza kete mbili, saa inakwenda.

Anyisile akauliza, wala si kwa utani, "Kama Bupe yuko hapa, huyo anayecheza kule ni nani?"

Bupe hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kaka Lusajo, juma hili umeongea na nani?"

Nikasema. Mbele ya watu wote nikasema habari za mpwa wangu, salamu, ukoo wa mama, na nikaona vichwa vikitikisika, maana kila mmoja pale alijua kwamba naye angejibu vilevile, lakini siku hiyo aliyejibu ni mimi.

Yule mpwa, kumbe mwizi, alikwenda pale pa "nimesahau neno la siri", akajibu swali, akabadilisha kila kitu. Akaunti zenye nyota nyingi zilikuwa zinauzwa, nilikuja kujua baadaye, na ya bingwa wa fainali ingeuzwa kwa bei nzuri zaidi.

"Mwandikie msimamizi wa mashindano," Bupe akasema. "Mwambie aliyekaa kwenye kiti changu si mimi."

Nikaandika. Msimamizi akajibu, nami natafsiri kwa sauti kwa ajili ya watu: anasema kila mtu anaweza kusema hivyo, anasema amemuuliza mwenye akaunti, na mwenye akaunti amejibu kwamba yeye... nikanyamaza. Bi Zaina akasema endelea. Nikasema maandishi ni madogo. Mchungaji akainama, akavaa miwani, akasoma hadi mwisho: "Amejibu kwamba yeye ni mwanamume, anaitwa Lusajo, na anao ujumbe wa siku nyingi ambao humo Lusajo anajitaja kuwa ndiye mchezaji."

Ndugu zangu, kama sakafu ya Bi Zaina ingekuwa na mlango ningepita. Majivuno yangu ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa mwizi. Sikuthubutu kumtazama Bupe. Nilisubiri anitukane, na angenitukana ningemshukuru.

Lakini yeye alikuwa anawaza. Akafungua daftari la vipimo, akapita viuno na mabega, akafika mchezo wa nusu fainali. "Yule Mholanzi alikata tamaa kabla hatujamaliza," akasema. "Kumbukumbu zao zinaishia pale alipojitoa. Mwambie msimamizi atuulize sote wawili: mchezo ule ungeishaje?"

Nikaandika. Msimamizi akasema ni swali zuri, akawapa wote dakika tatu.

Bupe akapanga visoda. Watu wakasogea hadi nikashindwa kuhema, na Anyisile alikuwa mbele kuliko wote. Bupe akaanza kunitajia namba za miraba, kwa utulivu, kama anamsomea mteja urefu wa sketi. "Natoa kete hii, lazima aile. Natoa na hii, lazima aile. Anadhani nimechanganyikiwa. Natoa ya tatu." Anyisile akashika kichwa, "Dada, unajimaliza!" Bupe akachukua kisoda kimoja, akaruka nacho, ta, ta, ta, ta, kete nne za Mholanzi zikatoka, kisoda kikatua mstari wa mwisho. "Kingi," akasema. Wanaume wote wakainamia visoda kuhakikisha. Mimi mwenyewe nilisahau aibu yangu kwa muda, nilikuwa natazama vidole vyake tu, na nilijua niko karibu na mtu mkubwa.

Mwizi alijibu kwamba hakumbuki.

Msimamizi akamfungia palepale, akasema akaunti inarudi kwa mwenyewe, achague neno jipya na swali jipya sasa hivi. Nikanyoosha mikono kwenye kibodi, mazoea. Bupe akanigusa bega.

"Kaka Lusajo, inuka. Halafu geuka ukutani."

"Dada Bupe, watu wote hawa..."

"Hao hawajui pa kubonyeza. Wewe unajua. Geuka."

Nikageuka. Mtaalamu wa kompyuta, cheti cha Mbeya, nimesimama pua imegusa chokaa kama mwanafunzi aliyechelewa, nyuma yangu baraza zima linacheka hadi Bi Zaina anafuta machozi, na mtu fulani (najua ni nani, yuko stendi mpaka leo) akapaza sauti, "Ukutani! Hujambo Ukutani!"

Ningependa kuwaambia alishinda. Hakushinda. Mchezo uliendelea ulipofikia, saa yake ikiwa imebaki dakika sita, na zile kete mbili za mwizi zilikuwa za kijinga. Kwa dakika hizo sita alimrudisha yule Mrusi nyuma hatua kwa hatua, akamla, akambana, na kila mtu mwenye macho aliona kwamba zimebaki hatua mbili tu aingie kingi pale saa ilipoisha. Ubao wa mbao ulikwenda Urusi. Bupe alikusanya visoda vyake, akavitia mfukoni, akasema, "Haya, nina gauni la mtu la kumalizia."

Anyisile ndiye aliyemzuia mlangoni. "Dada," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya stendi, "wewe hukufungwa. Jumatatu njoo na visoda vyako, nitasogea."

Alisogea kweli. Bupe alikaa kwenye lile benchi miaka mingi, bila ubao wowote wa posta, na wanaume walipanga foleni kufungwa naye. Lakini ule ubao ulikuwa wake, na aliyeupoteza ni mimi, na hakuwahi kunitupia neno. Nilipomwomba msamaha alinijibu kitu kimoja tu: "Mtandaoni, kaka, mtu akiuliza kuhusu mama yako, jibu uongo, halafu uukumbuke."

Mama yangu amenisamehe kwa hilo. Leo hii mtandaoni yeye ni wa ukoo ambao haupo duniani, na mpwa yeyote anayenitumia salamu namwambia aje nyumbani tule ndizi, tutajuana tukionana. Na mteja akija dukani kwangu akitaka kuingiza namba yake ya siri, hahitaji kuniambia kitu. Naweka chini bisibisi, nageuka ukutani mwenyewe, nasubiri aseme tayari.