Magodoro Yaliyomsubiri Mgeni Rasmi

Mwaka ule tulikuwa tunakaa Abu Hamour, mtaa mmoja wa Doha, na kila Ijumaa baada ya sala sebule yetu iligeuka ofisi. Waliokuja ni watu wa wilaya yetu ya nyumbani: walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, na mara mojamoja dada wa kazi aliyeruhusiwa na mama mwenye nyumba kutoka. Mama alipika pilau. Mimi nilipitisha maji ya kunawa, nikarudi jikoni haraka kabla mtu hajaniuliza habari za shule. Sikuwa mtu wa kuongea. Hata shikamoo yangu mtu alilazimika kuinamisha kichwa ndipo aisikie.

Mafuriko yalipoingia hospitali ya wilaya kule kwetu na kulowesha magodoro ya wodi zote, watu wale walichanga. Nasema walichanga, lakini neno hilo ni jepesi. Yupo mlinzi wa Al Wakrah aliyekuwa anasimama juani mpaka kola ya sare yake imepauka, naye alitoa. Yupo dada aliyefanya kazi Al Thumama ambaye hatukumwona sura kwa muda mrefu, akampa mchango wake dereva wa nyumba ya jirani, nao ukatufikia. Vitu vikanunuliwa huko huko nyumbani: magodoro mapya, na jenereta ya wodi ya wazazi. Siku lori lilipofika hospitalini tulitumiwa picha, na baba akaizungusha simu yake kwa kila aliyekuwepo kama anayetembeza picha ya mtoto mchanga.

Halafu bibi, mama yake baba, akateleza uani akavunjika nyonga. Akalazwa hospitali ileile.

Shangazi ndiye aliyekuwa anamuuguza. Alipiga simu Ijumaa, baba akaweka sauti kubwa ili watu wampe pole. Badala ya pole wakasikia kwamba bibi amelazwa kwenye godoro la zamani, lile lililozama, likaanikwa juani, likarudishwa kitandani likinuka uvundo. Limekuwa na mabonde. Mgongo wa bibi umeanza kutoa vidonda. Baba akauliza, na magodoro yetu je? Shangazi akasema hajaliona hata moja.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuwa amekaa kwenye kochi la peke yake, kama kawaida. Alikuwa msimamizi wa kumbi za sherehe kwenye hoteli moja kubwa, na ukimsikiliza utadhani kila siku yuko kwenye harusi ya mtu. Ndiye aliyempokea baba Doha na kumwombea kazi, kwa hiyo nyumbani kwetu hakupingwa. Aliweka kijiko chini.

"Wametula," akasema. "Wametula wazimawazima."

Basi chumba kikachemka. Kila mtu alikuwa na kisa chake cha wizi wa misaada. Wakakumbushana mafuriko ya nyuma, serikali ilipoleta fungu la maafa, mablanketi yakaonekana siku ya kupokelewa tu. Wakaamua kwamba awamu ya pili ya mchango, ya dawa na mafuta ya jenereta, isitumwe. Mkuu wa wilaya aandikiwe. Lakini kwanza ufanyike ukaguzi, ili tusije kuonekana watu wa majungu. Mwenyekiti akatafuta mtu wa kuwapigia watu wa hospitali simu ya video na kuandika majibu, mtu anayejua kompyuta na asiyevujisha siri. Akanitazama nikiwa mlangoni na jagi.

"Huyu hapa. Huyu hana mdomo kabisa."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, na mimi nikapewa ukaguzi.

Siku niliyopiga, baba alikuwa kazini. Mama alikaa pembeni yangu akichambua mchele, asionekane kwenye kioo. Niliyempigia ni matroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali. Nilijiandaa kumwona mwizi. Alionekana mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akanihoji yeye kwanza: nasoma darasa la ngapi, na huko kwenu joto limepungua? Nilimuuliza vitu viko wapi. Hakukasirika. Alisimama, akatembea na simu, nikaona ukuta, nikaona miguu ya watu waliolala koridoni kwenye mikeka, halafu kufuli, halafu mlango.

Stoo ilikuwa imejaa mpaka darini. Magodoro yetu, mapya, yote ndani ya nailoni zake, yamepangwa kama matofali. Jenereta ndani ya kreti, misumari haijaguswa.

"Hakijaibiwa hata kimoja, mwanangu," alisema. "Nimeyawekea mlinzi."

Nikauliza kwa nini basi hayatumiki. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini watu hawali mchana wa Ramadhani.

"Si tunamsubiri mgeni rasmi? Bila kuzindua tutafunguaje?"

Na mimi nilijua. Sote tulijua. Haikuwa siri ya mtu. Mwenyekiti alikuwa ameiagiza hospitali, mbele yetu, kwa simu, kwamba vitu visiguswe mpaka aje kuvizindua mwenyewe, akate utepe, apigwe picha na bango la jumuiya yetu. Tuliipigia makofi siku ile. Bango lenyewe lilikuwa chini ya kitanda changu, pamoja na fulana za uzinduzi zilizochapishwa soko la Doha, nazo ndani ya nailoni. Kwa miezi nililala juu ya vitu hivyo, na wazee wangu walikula pilau pembeni yake, na hakuna aliyeunganisha utepe na mgongo wa bibi. Kwetu sisi kitu cha msaada hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Tumelizoea jambo hilo hivi kwamba tuliona wizi kwanza kabla ya kuiona sherehe.

Nilimwambia matroni afungue tu. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Akatikisa kichwa. Mara ile ya mablanketi ya serikali, alinieleza, aliona watoto wanatetemeka wodini akayagawa kabla kiongozi hajafika. Wakaguzi wakaja, wakakuta stoo tupu, wakamwandika kuwa ameiba. Kidogo apoteze kazi, wakati mablanketi yalikuwa yamefunika wagonjwa vitanda viwili kutoka walipokuwa wamesimama wakiandika. Hawakugeuza shingo. Walikuja kukagua stoo, wakakagua stoo. "Sifungui bila neno la mwenyekiti wenu," alisema. "Anisamehe bibi yako."

Na mwenyekiti alikuwa haji. Hilo nalo lilikuwa la kila Ijumaa. Alikuwa na tiketi, alikuwa na suti, lakini kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alikuwa hajamtilia saini kibali cha kutoka nchini. Kafili amesafiri kukimbia joto. Amerudi lakini ana wageni. Leo, kesho, bukra, inshallah. Mwenyekiti alilalamika mpaka machozi yakamlengalenga: "Mtu mzima, nina wajukuu, naomba ruhusa ya kwenda kwetu kama mtoto wa chekechea anayeomba kwenda chooni." Watu walimwonea huruma, na mimi pia nikiwa jikoni nilimwonea huruma. Ni dhuluma, na mpaka leo nasema ni dhuluma.

Ijumaa iliyofuata nikaitwa nisome ripoti. Niliisoma nikiangalia zulia. Vitu vyote vipo. Havijaibiwa. Vimefungwa stoo, vinasubiri uzinduzi. Wagonjwa wako kwenye magodoro yaliyooza na wengine chini.

Nilitegemea watu waone aibu. Walifurahi. Wallahi walifurahi. "Alhamdulillahi, mali ipo," mmoja alisema, na mwingine akamsifu matroni kuwa mwaminifu. Pilau ikazunguka. Nilibaki nimeshika karatasi nikamtazama baba, na baba akatazama sahani yake.

Mama ndiye aliyeuliza, kutoka mlangoni, kwani wasiambiwe wafungue leo hii. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, upole ule wa kumweleza mtu asiyeelewa. Tukifungua kimyakimya, alisema, mbunge atapita kesho na bango lake, na magodoro yatakuwa ya mbunge. Jasho la watu wa Doha litapotea. Hilo lilikuwa kweli na kila mtu alilijua, na ndiyo maana liliniuma zaidi: kwa sababu ya kumwogopa mbunge, tumekuwa kama yeye. Akamaliza kwa kusema kibali chake kimekaribia, tuvute subira.

Nilikuwa nimeshampigia matroni. Sijui niliamua saa ngapi. Simu ilikuwa mkononi, imepokelewa, nikaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, kati ya kachumbari na ndizi.

"Yuko hewani," nikasema. "Mwambie afungue."

Akaniangalia kama kiti kimeongea. Akasema kwamba mambo ya watu wazima yana utaratibu, binti, tusubiri kibali.

"Wewe unasubiri saini ya kafili, unasema amekukalia," nilisema. "Na bibi yangu anasubiri ya kwako. Sasa kafili wake nani?"

Baba aliniita kwa jina langu lote, lile la cheti, akaniambia niombe radhi. Sikuomba. Sikukataa pia; sauti ilikuwa imekwisha, kama mtu aliyetumia vocha yote kwa simu moja. Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie nalia kwa hasira. Kupitia maji yale nilimsikia mlinzi wa Al Wakrah, ambaye naye alikuwa hasemi sana, akisema taratibu: "Mzee, mimi nilitoa watu walalie."

Kisha kikohozi cha mwenyekiti, halafu sauti yake, si ile ya harusini.

"Matroni. Fungua. Fungua yote. Ila mpige picha."

Picha zikaja siku ya pili. Watu waliweka mioyo na maua kwenye kundi la simu mpaka yangu ikawa inatetemeka mezani kama ina homa. Nikazikuza moja moja nikimtafuta bibi. Nikampata kwenye kitanda cha dirishani, amejifunika khanga, uso umelowa jasho. Chini yake godoro jipya linang'aa. Linang'aa kwa sababu nailoni ilikuwa bado.

Walikuwa wamewalaza juu ya nailoni. Wodi nzima. Nikampigia shangazi papo hapo. Akaniambia ni maagizo ya matroni: kufungua wamefungua, lakini yasichakae, mgeni rasmi akija ayakute mapya. Bibi anateleza, akasema, na vidonda vinalowa, ila tuvumilie, ni heshima kwa waliotoa.

"Shangazi, mimi ndiye mkaguzi," nikamwambia. "Toa nailoni."

"Mwanangu, wasije wakasema..."

"Toa, shangazi. Waambie Doha wamesema."

Alisita. Nilimsikia akimwomba mtu wa kitanda cha jirani wembe. Nikasikia bibi akiguna anapogeuzwa ubavu, kisha mpasuko mrefu, mkavu, kuanzia kichwani hadi miguuni. Halafu, kwa mbali kidogo, mpasuko mwingine, na mwingine, wodini kote, na mtu mmoja akicheka.

Mwenyekiti hakuitikia shikamoo yangu kwa muda mrefu sana. Kibali chake kilipotoka hatimaye alienda nyumbani akazindua jenereta, ambayo ilikuwa imeshaanza kuvuja mafuta. Fulana zilizobaki mama alizifanya vitambaa vya kudekia.